Mvua ya Kwetu na Bei ya Debe

Wanangu mliobaki kwenye vibanda vya nafaka Kizota, mliniomba niwaandikie jinsi ya kujua bei itapanda lini. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, soda mbili na daftari hili, mkadhani nitalijaza siri. Siri sina. Nilisoma hadi darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nilikuwa nachunga mbuzi. Nitaandika yale niliyoyashika kwa mkono. Nilichuma kiasi gani hamtakikuta humu. Paa la nyumba yangu linaonekana kutoka barabarani, mwenye hamu akalitazame.

Tangu niache kazi nimekuwa mtu wa kulala mchana. Najilaza kwenye mkeka, upepo unapita mlangoni na vumbi lake, na kabla usingizi haujanichukua nasikia nafaka inamwagika. Haimwagikii popote. Inamwagika tu, uwele, zile punje ndogo za kijivu, taratibu, kutoka kwenye debe lisilokwisha. Mjukuu wangu anasema ni masikio ya uzee. Inawezekana. Lakini kazi nilianza kwa masikio hayo hayo.

Siku ya kwanza nilifika sokoni na mtoto mgongoni, sina ninayemjua. Nilielekezwa kwa Mama Salimu, mwanamke wa Kondoa, Mrangi, mrefu, buibui lake limepauka kwa pumba mpaka hujui lilikuwa jeusi lini. Alikuwa anatafuta mtu wa kushona magunia.

"Unajua kushika shazia?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Kupima debe?"

"Sijui."

"Kunyamaza?"

Nikanyamaza.

"Haya, hilo ndilo gumu, na unalijua. Mengine nitakufundisha."

Akanishika mkono, akauzamisha kwenye gunia la uwele hadi kwenye kiwiko, akaniambia nifumbe macho. Huko ndani kulikuwa na ubaridi, na jua la nje likawa mbali kama jua la kijiji kingine. Akaniambia nitikise vidole. Uwele mkavu huteleza na kulia kama maji chini ya mchanga. Uwele mbichi hunyamaza na kukunyonya mkono. Nilikaa vile, mkono ndani, mtoto amelala mgongoni, sijui kwa muda gani. Nilipofumbua macho Mama Salimu alikuwa ameshauza magunia mawili. "Umelala umesimama," akasema. "Sasa njoo ushone."

Baadaye alinipa bambo lake la zamani, ule mrija wa chuma wenye ncha, unaouchoma kwenye gunia kutoa punje za katikati. Nyie siku hizi mnachoma juu juu, karibu na mdomo wa gunia. Hata mjinga hafungi punje mbovu juu. Choma pembeni, chini, halafu choma tena pale ambapo mwenye gunia amesimama kukukinga.

Lakini kilichomtofautisha Mama Salimu na wachuuzi wengine hakikuwa bambo. Mwanamke akileta nafaka kuuza, Mama Salimu hakuanza na bei. Alianza na swali moja: "Nyumbani imebaki miezi mingapi?"

Hata wageni walilielewa. Wakati ule nyumba nyingi za huku bado zilikuwa na kilindo, lile ghala la magome linalosimama ndani ya tembe kama mzee asiyetoka nje, na kila mama alijua kilindo chake kina miezi mingapi ya ugali. Akisema "sita", na mavuno yako mbali miezi tisa, Mama Salimu alinunua debe moja tu, apate hela ya chumvi na mafuta ya taa, mengine akamrudishia.

"Mama, biashara gani hii?" nikamwuliza siku moja, mama wa watu ameondoka na punda wake na mzigo uleule aliokuja nao.

"Nikimnunulia leo, mwezi wa pili atarudi kununua mtama wake mwenyewe kwangu kwa bei mara mbili. Atalipa, lakini atanichukia. Mimi natafuta mteja wa miaka ishirini, simtafuti wa mara mbili."

Wenzake walimcheka. Wengi wao walifunga vibanda kabla yake.

Kwa hiyo nilijifunza kuiona nyumba kama kitu chenye mwaka ndani. Nikifumba macho sasa hivi nayaona matembe yale yamejipanga kwenye uwanda, mekundu, chini chini, kila moja limekumbatia mwaka wake gizani, na nje hakuna kitu ila mbuyu na upepo. Siyasifii. Njaa ilikuwepo na niliiona. Lakini mtu alijua kilichomo ndani mwake.

Mama Salimu alinifundisha pia hesabu ambayo mpaka leo naitumia, na watoto niliowazaa wananicheka. Hela usizilinganishe na hela, maana hela ya mwaka huu na ya mwaka ule hazifanani, kwa jina tu ni moja. Pima kwa debe. Kanga ni madebe mangapi? Bati moja ni madebe mangapi? Siku moja ya kulimiwa na kibarua inakula madebe mangapi? Nimepima hivyo miaka yote, na nitawaambia nilichokiona. Redio ya marehemu mume wangu ilitutoa fahali mzima, na fahali mwenyewe alikuwa na tabia nzuri kuliko redio. Leo mjukuu wangu ana simu inayoimba, inayopiga picha na inayomdanganya, kaipata kwa mbuzi mmoja. Ndala, sufuria, vitenge, vyote vinavyotoka kiwandani, kwa debe vimekuwa vinashuka na kushuka. Lakini kitu kinachotaka mtu akae nawe, mwalimu, daktari, fundi mzuri, hicho kinapanda. Na ardhi. Nzuguni nilipoolewa, mtu alipewa shamba kwa mtungi wa pombe na maneno mazuri. Leo kiwanja kidogo cha pale, hata ukimwaga nafaka zote za kibanda changu hazikifikii. Vitu vya namna hiyo vikishapanda havirudi. Mwenye navyo asiviachie kwa sababu ya vile vinavyoshuka.

Mama Salimu alipochoka akarudi Kondoa kwa watoto wake, nikabaki na kibanda, na swali lake nikabaki nalo. Nikaongeza na langu. Bei kwetu ilikuwa na usingizi wake. Mwezi wa sita na wa saba, mavuno yamejaa, bei inalala. Mwezi wa kumi na mbili inageuka ubavu. Mvua ikichelewa, mwezi wa kwanza inaamka, na mwezi wa pili inakimbia. Mimi nilikuwa natoka nje asubuhi, natazama upande wa Hombolo kama kuna wingu juu ya bwawa. Lipo, nauza. Halipo, naweka. Miaka mingi mbingu ile haikunidanganya hata mara moja. Watu wakaanza kuja. Walimu, akina mama wa kwaya, hata mzee mmoja wa kanisa, wote na neno moja: "Bi Perisi, tuuze au tungoje?" Nami natazama juu, najibu. Nilipenda kuulizwa. Naandika hili ili mlione.

Wakati huo mambo yalikuwa yanabadilika mbele ya macho yangu, nami nayatazama kama mtu anayetazama mvua ya mlima wa mbali. Lami ilifika, malori yakaongezeka. Ofisi za serikali zikahamia Dodoma, na wenye ofisi wakaja na matumbo yao, na matumbo yale hayakujua uwele. Walitaka sembe, kilo mbili, leo. Kesho tena kilo mbili. Nikimwuliza mama kijana "nyumbani imebaki miezi mingapi?" ananiangalia kama nimemwuliza umri wa mama mkwe wake. "Bibi, ninao unga wa mpaka Ijumaa." Nyumba ilikuwa na mwaka ndani, ikawa na wiki. Vilindo vikawa vya kuwekea kuku. Na nyumba ile ile ya wiki ina umeme wa kununua, maji ya kununua, vocha, nauli, ada. Zamani mtu aliuza nafaka mara mbili kwa mwaka. Sasa kila siku nyumba inafungua mdomo. Niliyaona yote hayo. Lakini niliendelea kutazama wingu la Hombolo.

Basi nifike kwa Dorika.

Dorika ni mjane wa Nzuguni, tulibatizwa siku moja. Mumewe alimwachia ekari tatu, na pande zote mji ulikuwa umeshafika: zege, kuta, mageti. Binti yake Elina alikuwa amepata chuo cha uuguzi. Nusu ya ada ng'ombe wawili walishailipa. Nusu ya pili ilitakiwa kabla mwezi wa pili haujaisha, la sivyo msichana anarudi nyumbani. Na shemeji yake, Yona, mdogo wa marehemu, alikuwa na mnunuzi anayetaka shamba zima kwa mkupuo. Yona la kwake alishauza, akanunua pikipiki. Pikipiki ilizeeka kwa miaka mitatu. Lile shamba lake mpaka leo halijazeeka, ila lina ghorofa la mtu mwingine.

Mwaka ule Dorika alivuna vizuri kuliko miaka yote, mahindi na mtama. Akaja kwangu mwezi wa nane, akakaa kwenye gunia kama kawaida yake.

"Dada Perisi, nikiuza sasa napata ada, kwa kubanabana. Hakuna kitakachobaki, lakini napata. Niuze au niache?"

Nikatoka nje. Mbingu nyeupe, kavu, upepo unatoka kusikojulikana. Mimi na mbingu yangu.

"Acha," nikamwambia. "Mvua itachelewa. Mwezi wa kwanza utauza nusu tu, ada umelipa, na nusu mnakula."

"Una hakika?"

"Lini nimekosea?"

Akacheka. "Siku ya ubatizo. Uliingia majini na viatu." Akaenda zake, na moyo wake mweupe.

Mvua ilichelewa kweli. Mwezi wa kumi na mbili ulikuwa mweupe kama mfupa. Mwezi wa kwanza mahindi yaliyochipua yalijikunja kama vidole vya mgonjwa. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Kila asubuhi nilitoka, nikaona hakuna wingu, nikasema kimoyomoyo: Dorika wangu amepata. Sijawahi kumwambia mchungaji hilo. Nalisema hapa.

Halafu, kabla Dorika hajauza hata debe, yakaja malori. Usiku yanapita, asubuhi yameegeshwa mstari mzima hadi kwenye karakana za kuchomea vyuma, turubai zimefungwa vizuri, mahindi meupe, makubwa, makavu. Nikachoma bambo pembeni, chini, kila mahali. Hayana doa.

"Yametoka wapi haya?" nikamwuliza dereva.

"Rukwa, bibi. Huko ya mwaka jana hayajaisha, ya mwaka huu yanakuja. Watu wanalalia magunia. Wanauza kwa bei ya kutupa."

"Na huku jua linatuua."

"Jua la kwenu huko halijulikani, bibi," akasema, kwa adabu kabisa, akanywa chai yangu.

Ndani ya wiki mbili bei ilishuka chini ya ile ya mwezi wa sita. Mtama nao ukafuata, maana mtu akipata sembe kwa bei ya bure, mtama atautafuta wa nini. Nilisimama kibandani, nikaona kama naota. Mbingu ileile, jua lile lile, mimi yuleyule, na bei inakwenda kinyume, kama maji yanayopanda mlima. Hapo ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekikataa kwa miaka: sahani ya Dodoma haikuwa tena inalimwa Dodoma. Barabara ilikuwa imetutoa chini ya mbingu yetu, ikatuweka chini ya mbingu za watu tusiowajua. Nilikuwa nasoma barua ya nyumba niliyohama.

Nilikwenda Nzuguni kwa miguu. Sikutaka kufika haraka. Nilipita katikati ya mawe ya mipaka yaliyopakwa chokaa, yametawanyika kwenye mashamba kama meno, na kwenye kila kiwanja nikakumbuka nani alilima nini: hapa karanga, hapa uwele wa mama mkwe, hapa tulikimbiza nyani. Nilitembea ndani ya nchi mbili kwa pamoja, na miguu yangu haikujua inakanyaga ipi.

Nyumbani kwa Dorika nikamkuta Yona na mnunuzi wake wamekaa kivulini. Yona akainuka, akanipa kiti.

"Shikamoo, bibi wa mbingu."

"Marahaba. Pikipiki haijambo?"

Mnunuzi akacheka, Yona hakucheka.

Dorika alikuwa anachambua mtama, ungo mapajani. Fukusi walikuwa wameshaingia. Unawasikia wakila, kama mvua ndogo sana mbali. Hakuinua kichwa.

"Umesikia bei," nikasema.

"Nimesikia. Nikiuza yote sasa, hata robo ya ada siifikii." Akapepeta. "Wewe ndiye uliyeniambia ningoje."

"Ndiyo. Mimi."

"Sema ulikosea, basi. Nikusikie."

"Nilikosea, Dorika. Nilitazama mvua ya kwetu, na bei haikuwa inaitazama tena."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Macho yake yalikuwa makavu. "Sasa huyu anataka shamba lote. Wiki ijayo Elina anarudishwa. Nifanye nini? Na usitazame juu."

Sikutazama juu. Nilitazama chini, kwenye ardhi ile nyekundu, nikafanya hesabu ya Mama Salimu. Nikamwambia hivi. Nafaka usiiuze, hata gunia. Kwa bei hii unaitupa, na nje hakuna mazao, kwa hiyo huo ndio mwaka wenu. Ipige jua, uichanganye na jivu, mle. Ada ni kitu kinachopanda kisichorudi. Shamba nalo ni kitu kinachopanda kisichorudi. Kitu cha namna hiyo kitoe kwa kitu cha namna hiyo, na utoe kidogo kadiri inavyowezekana. Kata kiwanja kimoja, kule barabarani ambako wanakupa bei nzuri zaidi. Kimoja. Lililobaki liandikishe kwa jina lako kabla hujanywa chai.

"Mimi nataka lote au basi," mnunuzi akasema.

"Basi," akasema Dorika.

Yona akaruka. "Shemeji! Mtu mwenye hela mkononi unamfukuza kwa maneno ya huyu? Huyu aliyekuozeshea magunia?"

"Magunia ni yangu, Yona, na nimeoza nayo mimi. Mpe mgeni maji aende."

Kiwanja kilinunuliwa na mwalimu mmoja, siku ya tano. Elina akabaki chuoni. Sasa ni muuguzi, na ana mkono mwepesi, amenidunga sindano nikadhani bado anatafuta mshipa.

Tangu hapo nilibadilisha kazi yangu, na hili ndilo nililotaka mlishike. Mtu akija kuuliza auze au angoje, simwambii wingu. Nampigia kwanza dereva yule wa Rukwa, halafu mama mmoja wa Songea, halafu mjomba wa mtu huko Kahama, nauliza kwao mvua vipi, maghala yamejaa au yamelegea. Na hata wakishaniambia, simwambii mtu aweke yote wala auze yote. Nusu uza iende kwenye midomo ya kila siku. Nusu kaa nayo. Ukikosea, utakosea kwa nusu. Na swali la Mama Salimu liulizeni bado, hata kwa mwenye mshahara. Nyumbani imebaki miezi mingapi? Akikuonyesha simu yenye salio, mwulize tena.

Dorika na mimi tunasalimiana, tunakaa benchi moja kanisani. Bei hajaniuliza tena tangu siku ile, na simlaumu.

Yule mwalimu alijenga kwenye kile kiwanja. Nyumba nzuri, ukuta mrefu, upande wa machweo. Jua likishuka, kivuli cha ukuta kinaingia kwenye shamba la Dorika na kulala juu ya mistari miwili ya mwisho. Mistari hiyo mtama wake ni mfupi, masuke yamekonda, unaiona hata ukiwa mbali. Mwaka wa kwanza wa ukuta ule nilikwenda kumsaidia kuvuna. Tulikwenda pamoja, mstari kwa mstari. Tulipofika ukutani yeye akasimama, akajifunga kanga upya, akakaa chini kwenye majani.

"Hiyo miwili ni yako," akasema.

Nikaivuna. Kila mwaka nakwenda. Yeye anavuna shamba lake hadi kwenye ukingo wa kivuli, halafu anakaa, ananingoja. Mimi naingia kule kwenye ubaridi, nainama, nakata masuke yale membamba moja moja, nayatia kwenye kikapu chake. Mwaka huu yamejaza debe moja, kasoro vidole vinne. Magoti yanauma, lakini kwenda nitakwenda.